Ngiri ya kiwambo: mwongozo kuanzia kiungulia hadi upasuaji

Kwa miaka sita mama yangu mdogo alilala ameketi. Aliegemea mito mitatu, akajifunika kanga mabegani, na kikombe cha maziwa kilikaa karibu na taa usiku kucha, kwa sababu kila alipojaribu kunyoosha mgongo maji machungu yalimpanda kooni na kumwamsha akikohoa. Kila zahanati aliyoingia alitoka na dawa za vidonda vya tumbo. Zilimpa nafuu ya wiki chache, kisha moto ukarudi kifuani. Siku alipopigwa eksirei huku akinywa dawa nyeupe ndipo tulipoona kwamba karibu theluthi ya tumbo lake la chakula ilikuwa imepanda na kukaa kifuani, nyuma ya moyo.

Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba upasuaji ni wiki ijayo. Daktari alikuwa na maoni mengine: alitaka vipimo zaidi, akabadilisha namna ya kumeza dawa, na miezi minane ikapita kabla ya kisu kugusa ngozi. Wakati ule tuliona kama tunazungushwa. Baadaye nilielewa kwamba katika ugonjwa huu kuiona ngiri kwenye picha ni mwanzo tu wa kazi. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kama ngiri hiyo ndiyo inayomsumbua mgonjwa. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa utaratibu huo, ili mgonjwa na ndugu zake wazungumze na daktari wakiwa wanaelewa. Hazichukui nafasi ya daktari.

Hatua ya kwanza: fahamu kilichohama

Kifua na tumbo vimetenganishwa na msuli mpana na mwembamba unaoitwa kiwambo. Jina lenyewe linajieleza kwa yeyote aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa: ni kama ngozi iliyotandazwa na kukazwa pande zote, juu yake yakiwa mapafu na moyo, na chini yake ini, tumbo la chakula na bandama. Umio, yaani mrija unaopeleka chakula kutoka kooni, hauna budi kuupenya msuli huo ili ufike tumboni, nao hupita katika tundu lililozungukwa na mikanda miwili ya misuli. Ngiri ya kiwambo hutokea tundu hilo linapolegea na kupanuka, kisha sehemu ya juu ya tumbo ikapenya kuelekea kifuani.

Kuhama huko kuna madhara kwa sababu mlango kati ya umio na tumbo haufungwi na kitu kimoja. Kuna msuli wa mviringo ulio mwishoni mwa umio wenyewe. Kuna mikanda ya kiwambo inayoubana kutoka nje, hasa mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo. Na kuna pembe kali ambayo umio unaingilia tumboni, inayofanya tumbo lililojaa lijifunge lenyewe. Tumbo likipanda kifuani, msuli wa ndani unaachana na mikanda ya nje, pembe inanyooka, na tindikali inapata njia. Isitoshe, kila unapovuta pumzi kifua hunyonya na tumbo husukuma, kwa hiyo kilichomo tumboni huvutwa juu.

Neno ngiri limewapotosha wengi. Mama mdogo alipoambiwa jina la ugonjwa wake alicheka kwa aibu, akauliza, "Ngiri? Mimi mwanamke?" Kwa watu wengi ngiri ni ile ya kinena, au ngiri maji, au busha, mambo ya wanaume na ya kunong'ona. Hii haina uhusiano na hizo: haivimbi kwa nje, haishikiki kwa mkono, na ile kubwa kabisa huwapata zaidi wanawake wa umri mkubwa.

Kinacholegeza tundu ni umri kwanza, kwa kuwa utando unaoshikilia umio kwenye kiwambo huchakaa kama lastiki ya sketi. Kisha huja kila kinachosukuma tumbo kutoka chini: uzito mkubwa, mimba, kikohozi cha muda mrefu, kunyanyua mizigo, na kujikamua kwa sababu ya choo kigumu. Hilo la mwisho lilimvutia sana Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Katika miaka ya 1970 aliandika kwamba ngiri hii ilikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini waliokula nafaka zisizokobolewa na kunde, lakini ya kawaida kwa Wazungu waliokula mkate mweupe na kuhangaika chooni. Ilikuwa nadharia tu, na adimu ya wakati ule huenda kwa sehemu ilitokana na uhaba wa vipimo. Hata hivyo, kwa mtu ambaye siku hizi anakula sembe nyeupe, chipsi na soda huku ameketi ofisini kutwa, si nadharia ya kuipuuza.

Hatua ya pili: uliza ni ya aina gani

Wapasuaji huzigawa ngiri hizi katika aina nne, na tofauti yake ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Aina ya kwanza huitwa ya kuteleza: mahali umio unapoungana na tumbo panapanda juu ya kiwambo na pengine kushuka tena. Zaidi ya ngiri 9 kati ya kila 10 ni za aina hii, na nyingi hazina hatari. Tatizo lake, likiwapo, ni tindikali. Katika aina ya pili, kiungo hicho kinabaki mahali pake lakini sehemu ya juu ya tumbo inapenya pembeni mwa umio. Aina ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, na ndiyo ya kawaida zaidi kati ya ngiri kubwa. Aina ya nne ni pale tundu linapopanuka kiasi cha kuruhusu viungo vingine vipande pamoja na tumbo, kama utumbo mpana au bandama.

Kwa aina ya pili hadi ya nne, wasiwasi si kiungulia pekee. Tumbo linaweza kujipindua, likajinyonga, na damu isifike. Kwa hiyo majibu ya kipimo yakisema "ngiri ya kiwambo" bila kutaja aina wala ukubwa, rudi ukaulize.

Hatua ya tatu: pambanua dalili

Dalili inayofahamika zaidi ni kiungulia: moto unaoanzia chembe cha moyo na kupanda nyuma ya mfupa wa kifua, ukizidi baada ya kula, ukiinama au ukilala. Ya pili ni kucheua, yaani chakula au maji machachu kurudi mdomoni bila kichefuchefu. Tindikali ikifika juu zaidi huleta kikohozi cha usiku, sauti ya kukwaruza asubuhi, na kwa wengine kitu kinachofanana na pumu. Ngiri kubwa zina lugha yao tofauti: kushiba baada ya matonge machache, kuhema baada ya mlo kwa sababu tumbo lililojaa linabana mapafu, na upungufu wa damu usio na maelezo. Upungufu huo mara nyingi hutokana na michubuko midogo pale tumbo linaposuguana na ukingo wa kiwambo, ikivuja damu kidogo kidogo kwa miezi, na nimesikia habari za watu waliomeza vidonge vya madini ya chuma mwaka mzima pasipo mtu kuuliza damu inakwenda wapi.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni maumivu ya kifua. Usiyahesabu kuwa ya ngiri mpaka moyo umepimwa, hata kama unayo picha ya ngiri mkononi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mtego wa pili unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi kuna ukanda ambao saratani ya umio ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa saratani hiyo kwa miaka mingi. Chakula kikianza kukwama, kwanza ugali na nyama, baadaye hata uji, na mwili ukapungua, usikubali kuambiwa kuwa ni gesi au ngiri kabla kamera haijaingia. Hilo ni jambo la kufanywa ndani ya siku chache. Usilisogeze mwezi ujao.

Dharura yenyewe ina sura yake, iliyoelezwa na mpasuaji Mjerumani aitwaye Borchardt mwaka 1904 na ambayo haijabadilika: maumivu makali ya ghafla kwenye chembe cha moyo, kujikakamua kutapika bila kutoka kitu, na mpira wa puani kushindwa kuingia tumboni. Dalili mbili za kwanza utaziona nyumbani. Mwenye ngiri kubwa akizipata, asinyweshwe kitu chochote, iwe maji ya tangawizi au dawa ya gesi. Apelekwe hospitali yenye mpasuaji usiku huohuo.

Hatua ya nne: fanya vipimo, ukijua kila kimoja kinajibu nini

Kipimo cha kwanza huwa ni endoskopi, kile ambacho watu hukiita kumeza kamera. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 6 hadi 8, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, hulazwa kwa ubavu wa kushoto, na mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni kwa dakika chache. Kinaonyesha kama umio umechubuka, kama kuna kidonda, kama kuna uvimbe wa kukatwa kipande kwa ajili ya maabara, na kama kuna bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo. Ngiri ya kuteleza inayopungua sentimita 2 wengi hawaihesabu kabisa, kwa sababu umio husogea wenyewe mtu anapomeza au kutapika wakati wa kipimo.

Eksirei ya kunywa dawa nyeupe inaonekana ya kizamani, lakini kwa mpasuaji ni ramani. Mgonjwa anakabidhiwa kikombe cha kitu kinachofanana na uji wa chokaa. Mama mdogo alisema kina ladha ya ukuta uliopakwa rangi jana. Anaambiwa kunywa mafunda akiwa amesimama, kisha meza inalazwa, anageuzwa huku na huku, na kwenye skrini unauona mkondo mweupe ukishuka, ukisita, halafu ukijaza mfuko mahali ambapo panapaswa kuwa na mapafu tu. Nilisimama nyuma ya kioo na mtaalamu wa picha, na hata mimi nisiye na elimu hiyo niliona. Ngiri ikiwa kubwa sana, CT skani huongezwa ili kujua ni viungo gani vingine vimepanda.

Vipimo viwili vilivyobaki ndivyo vinavyorukwa mara nyingi. Kimoja hupima nguvu ya misuli ya umio kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani mgonjwa akimeza maji kidogo kidogo. Sababu yake ni ya msingi: upo ugonjwa ambao mlango wa chini wa umio unakataa kufunguka, nao huleta kucheua na moto kifuani vilevile, na ukimfungia mtu wa namna hiyo tumbo kuzunguka umio utakuwa umemwekea kufuli juu ya kufuli. Kingine hupima tindikali ndani ya umio kwa saa 24 au zaidi, kikihesabu ni muda gani pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali ambacho hushuka ukali unapozidi, imekuwa chini ya 4, wakati mgonjwa anaendelea na shughuli zake na kubonyeza kitufe kila anapohisi moto. Kama umio haukuwa na michubuko na dawa hazikusaidia, kipimo hiki ndicho kinachosema kama tindikali ndiyo mkosaji au anasingiziwa. Si kila hospitali ya mkoa au kaunti inayo mashine hizi. Kuomba rufaa kwa ajili ya vipimo peke yake si utovu wa adabu, na gharama ya safari ni ndogo kuliko ya upasuaji usiokuhusu.

Hatua ya tano: tumia tiba isiyo ya kisu kikamilifu

Nasema kikamilifu kwa sababu wengi husema dawa zimeshindwa ilhali hazikutumiwa inavyotakiwa. Omeprazo na ndugu zake humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, kwa kuwa huzima mitambo ya tindikali wakati ule inapoamshwa na chakula; ukimeza ukiwa tayari umeshiba au unapoingia kitandani, nusu ya kazi imepotea. Mama mdogo alikuwa akimeza kidonge chake baada ya chai ya jioni kwa miaka yote ile. Saa ilipobadilishwa, na dozi ikapangwa upya na daktari, moto ulipungua ndani ya wiki mbili, ingawa kucheua kuliendelea. Dawa hizi hupunguza ukali wa kile kinachopanda. Hazilirudishi tumbo mahali pake wala kuziba tundu. Zungumza pia na daktari kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo huuchubua mfumo huohuo.

Kitanda kinyanyuliwe upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu yake. Mito haitoshi, na kwa kweli inaweza kudhuru, kwa maana humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo. Lala kwa ubavu wa kushoto, ambako tumbo linakaa chini ya mlango wa umio. Acha saa 3 kati ya chakula cha usiku na kulala. Katika nyumba ambazo watu hula saa nne usiku baada ya taarifa ya habari, sharti hili ni gumu kuliko dawa zote, lakini halina mbadala. Kula kidogo mara nyingi. Punguza uzito kama umezidi. Fungua mkanda, na wanawake wanaoendelea kufunga mkaja miezi mingi baada ya kujifungua wajue kwamba unalisukuma tumbo juu. Kazi za kuinama, kama kufua kwenye beseni au kulima kwa jembe la mkono, zifanywe kabla ya kula.

Kwa ngiri ndogo ya kuteleza, safari ya wengi huishia hapa, na kuishia hapa ni kupona vizuri.

Hatua ya sita: pima kama upasuaji unakufaa

Upasuaji huzungumzwa katika mazingira makuu mawili. La kwanza ni mwenye ngiri ya kuteleza ambaye tindikali imethibitishwa kwa kipimo, na ama dawa hazimtoshi, ama kucheua na kikohozi vinaendelea ingawa moto umezimika, ama hataki au hawezi kumeza dawa maisha yote. Cha kushangaza ni kwamba aliyepata nafuu kwa dawa ndiye anayefaidika zaidi na kisu, kwa sababu nafuu hiyo ni ushahidi kwamba tindikali ndiyo chanzo. Yule ambaye dawa hazikumsaidia hata chembe anapaswa kuchunguzwa upya.

La pili ni mwenye ngiri kubwa ya aina ya pili hadi ya nne yenye dalili: kushindwa kula, kuhema, kupungukiwa damu, maumivu baada ya mlo. Huyu kwa kawaida hushauriwa apasuliwe, tena kwa mpango na si kwa dharura, kwa kuwa upasuaji wa usiku wa tumbo lililojinyonga una hatari kubwa zaidi. Zamani kila ngiri ya namna hii ilipasuliwa hata kama mgonjwa hana shida. Siku hizi inajulikana kwamba uwezekano wa kufikia dharura kwa asiye na dalili ni karibu mtu 1 kati ya 100 kwa mwaka, kwa hiyo mzee wa miaka 80 asiyelalamika anaweza kuachwa na kufuatiliwa. Mwenye uzito uliokithiri naye azungumze na mpasuaji kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito, ambao kwake unaweza kutibu mambo mawili kwa mkupuo, kwa kuwa ukarabati wa kawaida chini ya tumbo zito hulegea upesi.

Muulize mpasuaji moja kwa moja amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi. Hatakasirika, na kama atakasirika utakuwa umepata jibu.

Hatua ya saba: elewa kitakachofanyika mezani

Upasuaji unaotumika leo una jina la Rudolf Nissen, mpasuaji aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akafanya kazi Istanbul na Marekani, kisha Basel, Uswisi. Huko Basel mwaka 1955 aliviringisha sehemu ya juu ya tumbo kuzunguka mwisho wa umio, na matokeo akayachapisha mwaka 1956. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Liège, Ubelgiji, alitoa taarifa ya upasuaji huohuo kupitia matundu madogo, na tangu hapo kidonda kirefu cha tumbo kimebaki kwa hali maalumu au mahali pasipo na vifaa.

Mgonjwa hupewa nusu kaputi. Meza huinamishwa ili kichwa kiwe juu na utumbo ushuke. Nafasi iliyo chini ya kiwambo, nje ya tumbo la chakula, hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, na matundu matano hivi ya milimita 5 hadi 12 hutobolewa kwa ajili ya kamera na vyombo. Ini husogezwa kando. Tumbo lililopanda hurudishwa chini taratibu pamoja na mfuko wa utando uliolifunika, kwa kuwa mfuko huo ukiachwa kifuani ngiri hurudi. Umio hulegezwa mpaka sentimita 2 hadi 3 zikae chini ya kiwambo zenyewe bila kuvutwa. Kisha mikanda miwili ya kiwambo hushonwa pamoja nyuma ya umio kwa nyuzi zisizoyeyuka. Baadhi ya wapasuaji huongeza wavu wa kuimarisha mshono tundu likiwa kubwa. Wengine huuogopa kwa sababu unaweza kuuguguna umio, na mabishano hayo hayajaisha.

Hatua ya mwisho ni kuviringisha tumbo. Kwa mtindo wa Nissen huzungushwa nyuzi 360, mara nyingi juu ya mpira mnene wa karibu sentimita 2 uliopitishwa ndani ya umio ili pasibane kupita kiasi. André Toupet alieleza mwaka 1963 namna ya kuzungusha nyuma kwa sehemu tu, ambayo leo hufanywa kwa nyuzi 270. Jacques Dor alikuwa ameeleza mwaka 1962 ya kufunika mbele, nyuzi 180. Hizi mbili zisizozunguka umio wote huruhusu kumeza na kubeua kwa urahisi zaidi, na wapasuaji wengi huzipendelea umio ukiwa dhaifu.

Daktari wetu hakuchora kitu. Aliomba mtandio wa mama mdogo, akasimamisha kidole gumba. "Mama, kidole hiki ndicho umio wako, na mtandio ndio tumbo." Akaupitisha nyuma, akaukutanisha mbele, akaushika. "Hapa pakibana, utanilaumu kila unapomeza. Pakilegea, utanirudia na kiungulia chako." Mama mdogo aliupima upana kwa kidole chake mwenyewe, akasema, "Basi mwanangu, acha nafasi ya ugali." Akaambiwa nafasi ya ugali ipo, ila si mwezi wa kwanza.

Hatari zake ni lazima zisemwe kabla ya kutia sahihi: kutoka damu, kutobolewa umio au tumbo, hewa kuingia kwenye kifua, kuumia bandama, na kuguswa neva zinazoendesha tumbo. Kwa upasuaji uliopangwa, mikononi mwa aliyezoea, vifo ni chini ya 1 kwa 100.

Hatua ya nane: jiandae

Mgonjwa aache sigara wiki kadhaa kabla, kwa sababu kikohozi baada ya upasuaji huvuta mshono. Choo kigumu kitibiwe mapema kwa sababu hiyohiyo. Dawa za kuyeyusha damu, za kisukari na za mitishamba zitajwe zote kwa daktari wa usingizi, bila kuficha. Damu ikiwa pungufu irekebishwe. Kibali cha bima kiombwe kwa maandishi kikitaja upasuaji kwa jina lake kamili, kwani neno ngiri peke yake limewahi kutuletea kibali cha ngiri ya kinena na wiki mbili za kurudi dirishani.

Hatua ya tisa: wodini na wiki sita za mwanzo

Wengi hulala hospitali usiku mmoja au miwili. Bega litauma, na mgonjwa atashangaa kwa nini bega wakati amepasuliwa tumbo. Ni mabaki ya hewa yanayosumbua kiwambo, na huisha ndani ya siku chache. Kutembea husaidia. Kichefuchefu kitangazwe kwa muuguzi mara moja, kwa kuwa kutapika kwa nguvu katika siku za mwanzo kunaweza kuchana mshono na kulirusha tumbo kifuani tena.

Kila hospitali ina ratiba yake ya chakula, lakini mwendo ni uleule: vitu vya majimaji kwanza, kisha vilaini, na vya kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Jikoni kwetu hiyo ina maana ya uji mwepesi uliochujwa, supu isiyo na vipande, maziwa na mtindi. Halafu mtori uliosagwa, viazi vilivyopondwa, yai laini, samaki aliyetolewa miba na kurowekwa kwenye mchuzi. Vinavyosubiri mwisho ni mkate, chapati, ugali mkavu na nyama, kwa sababu huvimba au kukwama juu ya sehemu iliyovimba. Soda zisiguswe, maana gesi ikiingia haina pa kutokea. Vijiko viwe vidogo, na chakula kitafunwe mpaka kilainike kabisa. Vidonge vikubwa muulize mfamasia kama vinaweza kusagwa au kubadilishwa na vya maji, vingine havisagwi.

Tumbo litajaa hewa, mbweu hazitatoka kama zamani, na hewa itatafuta njia ya chini. Mama mdogo alilalamikia aibu hiyo kuliko maumivu yote. Kumeza kwa shida kidogo ni kawaida kwa wiki kadhaa, hadi uvimbe ushuke. Mizigo mizito, ikiwemo ndoo ya maji na mtoto wa kubebwa, iachwe kwa wiki 6 hadi 8. Rudi hospitali bila kusubiri siku ya kliniki ukipata homa, maumivu makali ya kifua au tumbo, kuhema, mate kushindwa kumezwa, kinyesi cheusi kama lami, au kujikakamua kutapika.

Kuhusu miaka ya mbele, ukweli ni kwamba ngiri kubwa zikifuatiliwa kwa picha, nyingi huonekana zimerudi kwa kiasi fulani, na baadhi ya wagonjwa hurudia dawa. Wachache tu ndio huhitaji kupasuliwa tena, kwa kuwa kurudi kwenye picha na kurudi kwa ugonjwa ni mambo mawili. Mwaka mmoja baada ya upasuaji mama mdogo alikunywa tena ile dawa nyeupe, na kijisehemu cha sentimita 2 kilionekana juu ya kiwambo. Daktari aliiangalia picha, akamuuliza siku hizi analalaje. "Chali," akajibu, "kama watu." Akaandikiwa kurudi baada ya mwaka.